Kunyimwa Ruhusa Si Ugonjwa

Walimu na wanafunzi wengi wa Kitui na Makueni hutumia kompyuta za pamoja. Programu ya kubebeka, mathalani Praat tunayopimia irabu 7 za Kikamba, ikikataa toleo jipya kwa kukosa ruhusa, wao hushuku virusi au huomba nywila ya msimamizi. La hasha! Windows hulinda folda ya Program Files dhidi ya mtumiaji wa kawaida, na ndivyo ipasavyo: nywila hiyo ikizagaa, hata mitihani iliyohifadhiwa humo haina siri tena. Basi, ndugu msomaji, ifunge programu, nakili folda yake kwenye nyaraka zako au kwenye flashi, kisha uiweke upya. Hapo ruhusa ni yako. Huna haja ya kuvunja mlango wa wenzako.