Mama analalia mito mingapi?

Wiki chache kabla ya Ramadhani, mito ilianza kupotea nyumbani kwetu Pangani. Mdogo wangu alinipigia simu kuniambia kuwa mito ya usufi ya chumba cha wageni haionekani, na alipoitafuta aliikuta kitandani kwa mama. Mama alianza na mto mmoja wa ziada, akaongeza wa pili, na mfungo ulipoanza ikawa halali tena, anaketi tu akiegemea mito minne mpaka adhana ya alfajiri. Nilipomuuliza alinijibu, "Nikilala chali pumzi zinakata. Uzee tu huu, mwanangu." Nikalipokea jibu lake kwa sababu lilinituliza. Mpaka leo naumia nikikumbuka jinsi nilivyolipokea upesi.

Mito ile ilikuwa inaeleza ugonjwa wazi kabisa. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Akisimama au kuketi, sehemu ya damu hubaki chini, miguuni na tumboni. Akilala, damu hiyo hurudi kifuani. Moyo wenye nguvu huipokea na kuisukuma mbele, mwenyewe asijue lolote. Moyo uliochoka huzidiwa. Damu hurundikana nyuma yake, kwenye mishipa ya mapafu, msukumo humo hupanda, na maji huanza kupenya kwenye vifuko vya hewa. Mgonjwa akiinuka, mzigo hupungua na pumzi hurejea. Ndiyo maana daktari wa moyo humuuliza mgonjwa analalia mito mingapi. Atauliza pia kama hugutuka usiku, saa moja au mbili baada ya kusinzia, akakimbilia dirishani kutafuta hewa. Ataangalia vifundo vya miguu: akibonyeza kwa kidole na shimo likabaki, maji yamejaa.

Hali hii kitaalamu huitwa moyo kushindwa kufanya kazi. Jina lenyewe linatisha, na nimeona watoto wakianza kulia daktari alipolitamka, wakidhani mzazi wao amebakiza siku chache. Maana yake ni kwamba pampu haikidhi mahitaji ya mwili. Wapo wanaoishi nayo miaka mingi, wanapika, wanasuka ukili, wanakwenda harusini, mradi wapate dawa na wazifuate.

Nirudi kwenye neno uzee, kwa kuwa ndilo linalotuchelewesha. Uzee hupunguza kasi ya mtu kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka. Mama yangu alipoteza kasi yake ndani ya wiki chache. Maulidi yaliyotangulia alitoka nyumbani mpaka sokoni bila kusimama. Sasa alikuwa anasimama mara mbili njiani, na kila aliposimama alimsalimia mtu, akauliza hali za watoto na za wajukuu, hadi pumzi zimrudie. Jirani walimwona mama mwenye maneno mengi. Wazee wetu wana heshima zao, na hawapendi kuonekana wanahema mbele za watu. Basi cha kufanya ni kulinganisha: mwaka jana alifika wapi, na leo anafika wapi?

Tena umri wenyewe si kisingizio. Utafiti uliowafuatilia wagonjwa 1,006 wa moyo kushindwa katika nchi 9 za Afrika, uliochapishwa mwaka 2012, ulikuta wastani wa umri wao ni miaka 52. Kwa karibu nusu yao, asilimia 45, chanzo kilikuwa presha. Kwa Ulaya huu ni ugonjwa wa watu wenye miaka 70 na zaidi. Kwetu huwakuta watu wangali kazini, na kinachoutangulia ni presha ambayo haikupimwa, au iliyopimwa, ikashuka kwa dawa, kisha mgonjwa akaacha dawa kwa kuwa imeshuka. Mama alifanya hivyo. Alikuwa na vidonge vya presha ndani ya kopo la biskuti, vimebaki nusu, tangu miaka miwili nyuma.

Kuna jambo la lugha pia ambalo naona halizungumzwi vya kutosha. Mtu wa pwani akikwambia moyo unamuuma, huenda ana huzuni. Akikwambia anaumwa chembe cha moyo, anaonyesha hapa chini ya kifua, juu ya tumbo, na duka la dawa litampa dawa ya vidonda vya tumbo au kiungulia. Mara nyingi ni tumbo kweli. Lakini shambulio la moyo nalo huweza kujitokeza papo hapo, hasa kwa mwanamke, kwa mzee na kwa mwenye kisukari, bila yale maumivu makali ya kifua tunayoyaona kwenye filamu. Huja kama kichefuchefu, uchovu wa ghafla, uzito wa taya au bega, kijasho chembamba. Mzazi akilalamikia chembe cha moyo huku anatokwa na jasho la baridi, au pumzi zinambana, msimpe maziwa mkasubiri asubuhi. Mpelekeni hospitali usiku huohuo. Na anayekosa pumzi asilazwe chali kiti cha nyuma cha gari, kama tunavyofanya kwa kumhurumia. Aketi wima, miguu ikiwa chini.

Mama alianzia kituo kimoja cha afya jirani. Walisikia mluzi kifuani, wakaandika pumu, wakampa dawa ya kuvuta na antibayotiki za siku 7. Simlaumu sana aliyemwona, kwa sababu maji yakijaa kwenye mapafu huweza kutoa mluzi uleule. Ila mtu ambaye hajawahi kuugua pumu maishani, akaanza kupiga mluzi kifuani akiwa na miaka 68, ana presha na miguu imevimba, lazima moyo wake uangaliwe. Swali hilo hata mtoto wa mgonjwa anaruhusiwa kuliuliza kwa adabu: "Daktari, je, haiwezekani ni moyo?" Mimi sikuliuliza. Tulipoteza siku 9.

Hospitali ya rufaa alipigwa picha ya kifua, akapimwa damu, figo na tezi ya shingoni. Watu husahau kwamba upungufu wa damu na tezi iliyovurugika huweza kumfanya mtu aheme hivyohivyo, au kuuzidishia mzigo moyo ambao tayari ni mgonjwa. Kisha wakampima ECG, kile kipimo cha kubandikwa nyaya kifuani. ECG husoma umeme wa moyo kwa sekunde 10 hivi. Ni kipimo kizuri, lakini mapigo yanayovurugika usiku tu yanaweza kuwa shwari kabisa mchana ule mlipokwenda kupima. Kwa hiyo karatasi safi ya ECG haifungi kesi.

Hilo la mapigo unaweza kulianza wewe mwenyewe nyumbani. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono wa mzazi wako, upande wa dole gumba, uhesabu kwa dakika nzima. Sikiliza mwendo kama unavyosikiliza watu wanaotwanga. Wawili wanaotwanga kinu kimoja hupokezana kwa mpangilio, ukifumba macho unajua mchi wa pili unatua lini. Ukisikia michi inagongana, mmoja unachelewa, mwingine unawahi, bila utaratibu wowote, mwambie daktari. Aina moja ya mvurugiko huo, ambapo vyumba vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kupiga, huongeza hatari ya kiharusi takriban mara tano, maana damu iliyotuama huganda. Ipo dawa ya kuzuia kuganda huko, na inafanya kazi.

Kipimo kilichotuonyesha moyo wenyewe ni eko, ambacho hutumia mawimbi ya sauti, sawa na kipimo cha mjamzito. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ya Dar es Salaam inacho, na wataalamu wake huenda mikoani kwa huduma za mkoba. Kwenye kipimo hicho tulipewa namba: 55. Nilishtuka, kama mzazi anayepokea ripoti ya shule. Namba hiyo si alama ya mtihani. Ni sehemu ya damu ambayo chumba kikuu cha moyo husukuma nje kwa kila pigo, na hakuna moyo unaosukuma asilimia 100. Wa mtu mzima mwenye afya huwa kati ya 50 na 70 hivi. Basi mama ana nini? Daktari alitueleza kuwa moyo wake unasukuma vizuri lakini umekuwa mgumu. Miaka ya presha imeunenepesha msuli, nao haulegei sawasawa ili ujae damu. Karibu nusu ya wenye moyo kushindwa wako hivi, wengi wao wakiwa wanawake wazee wenye presha. Mwenye kuangalia namba peke yake angemrudisha nyumbani.

Akapewa dawa za presha na dawa ya kukojoa, na katika siku tatu miguu ikapungua hadi viatu vikampwaya. Nyumbani tukabadilisha mambo mawili. La kwanza ni chumvi: ng'onda na papa mkavu wa nazi, chakula anachokipenda kuliko vyote, ukikiloweka bado kina chumvi tele, na chumvi hushika maji mwilini. La pili lilinishangaza zaidi. Alikuwa akinunua diklofenaki dukani kwa ajili ya magoti, karibu kila siku. Dawa za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni, huufanya mwili uzuie chumvi na maji, hupandisha presha na huchosha figo. Hakuna aliyemuuliza, naye hakuona sababu ya kusema, kwani ni dawa za magoti tu.

Tulinunua mizani. Kila asubuhi, akishatoka msalani na kabla hajanywa chai, anapanda juu yake. Uzito ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku mbili tatu, hayo ni maji, na inatupasa kumrudisha kliniki kabla pumzi hazijakata.

Nami nimebadilisha namna ya kupiga simu. Zamani nilikuwa nauliza, "Hujambo mama, mzima?" na daima alikuwa mzima. Sasa baada ya shikamoo nauliza mambo mawili.

"Marahaba, mwanangu. Mito miwili," aliniambia jana. Nikasikia kanga yake ikiburuta sakafuni anapoinama kusoma mizani. "Na hapa naona hamsini na tisa kasorobo."