Mradi wa Karanga: Kwa Nini Mitambo ya Masalia ya Vita Ilikwama Kongwa

Mtahiniwa akiulizwa kwa nini Mradi wa Karanga Tanganyika (1947–1951) ulishindwa, mara nyingi huandika "ukame" kisha akaenda hoja nyingine. Si kosa, lakini ameanza habari katikati. Kabla mvua haijawaangusha wakulima wa Kongwa, mitambo ilikuwa imeshawaangusha.

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula, na chakula bado kiligawiwa kwa kadi. Mwaka 1946 Frank Samuel wa United Africa Company, kampuni tanzu ya Unilever, alipendekeza karanga zilimwe Tanganyika kwa mashine. Ujumbe wa John Wakefield ukapanga ekari 3,210,000 Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini (sasa Zambia). Waziri wa Chakula, John Strachey, akaunga mkono.

Sasa jiulize: matrekta ya kufyeka pori la ukubwa huo yangetoka wapi? Viwanda havikuweza kutosheleza oda. Jeshi, kwa upande mwingine, lilikuwa na mitambo isiyo na kazi tena, imerundikana kwenye yadi. Ndipo yakanunuliwa matingatinga ya minyororo yaliyoachwa na Jeshi la Marekani huko Ufilipino. Mengi yalifika yamechakaa. Aidha, kampuni ya Vickers-Armstrongs ilichukua vifaru aina ya Sherman, ikaondoa mnara na mzinga, ikavigeuza kuwa matrekta yaliyoitwa Shervick, jina lililounganisha Sherman na Vickers. Kifaru kinaonekana chaguo zuri, maana kina nguvu na hakiogopi matope. Lakini kiliundwa kwa ajili ya kwenda vitani, si kuvuta jembe polepole kutwa nzima juani. Matokeo hayakulingana na matumaini.

Kongwa yenyewe ilikuwa mtihani mgumu. Pori lilikuwa la vichaka vilivyosongamana, na katikati yake mibuyu. Kuangusha vichaka kuliwezekana: matingatinga mawili yalivuta mnyororo mzito katikati yao. Kazi iliyovunja mitambo ilikuwa kung'oa mizizi iliyobaki ardhini. Udongo wake una mfinyanzi, nao kiangazi hukauka ukawa kama saruji; mchanga uliomo ulikula meno ya majembe. Tingatinga likiharibika, lilihitaji vipuri. Hapa ndipo hoja ya masalia inapouma: mitambo iliyookotwa huku na huko ilikuwa ya aina nyingi, kipuri cha hii hakikuingia katika ile, na vipuri vipya vilipaswa kuvuka bahari hadi bandari ya Dar es Salaam, kisha kupanda treni ya Reli ya Kati. Mafundi wenye uzoefu walikuwa wachache, na madereva wengi walifundishwa kazi wakiwa kazini. Karakana ya Kongwa ikajaa mitambo iliyolala.

Lengo la mwaka wa kwanza lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa takribani 7,500. Soma tena tarakimu hizo mbili; ndizo ushahidi bora utakaoweka katika insha yako. Ukame ulipokuja, ulikuta shamba dogo lililochelewa, na udongo ukagandamana juu ya karanga zilizokuwa bado ardhini.

Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kuuachia mradi huo. Zaidi ya pauni milioni 36 zilifutwa katika hesabu. Urambo na Nachingwea, maeneo mengine ya mradi, hayakufikia malengo pia, ingawa bandari ya Mtwara, iliyojengwa kwa ajili ya karanga za kusini, inatumika hadi leo.

Jipime: "Teknolojia pekee haikutosha kuufanikisha Mradi wa Karanga." Jadili kwa hoja sita. Usitoe zote kwenye mitambo. Utafiti hafifu wa udongo na mvua ni hoja inayojitegemea, na mgomo wa wafanyakazi wa mwaka 1947, ulioanzia bandarini Dar es Salaam ukafika hadi Kongwa, ni nyingine.