Mama halaumiwi kwa mabinti, ila mjomba aulizwe

Barazani kwetu Mji wa Kale bado nasikia mke akilaumiwa kwa kuzaa mabinti watupu, na wapo walioletewa mke mwenza kwa sababu hiyo. Lawama hiyo haina msingi. Jinsia ya mtoto hufuata kromosomu mbili: mwanamke ana X na X, mwanamume ana X na Y. Mama hana cha kutoa ila X. Mbegu ya baba ndiyo huja na X au Y, na baba mwenyewe hana hiari. Mpaji ni Mungu.

Lipo lakini jambo la upande wa mama tusilolizungumza. Y ni fupi, jeni zake chache. X ina mamia, na nyingi hazihusiani hata kidogo na kuwa mke au mume. Mvulana ana X moja tu, ya mamake. Ikiwa na kasoro, hana ya akiba. Dadake anazo mbili. Katika kila chembe moja hulala, nyingine hufanya kazi, basi mwili wake huwa mchanganyiko.

Mfano wetu wa Pwani ni G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu za damu. Upungufu wake umeenea huku kwa sababu ya malaria. Watafiti wa KEMRI kule Kilifi waliona kuwa wasichana wenye X moja nzima na moja yenye kasoro walikingika kiasi na malaria kali. Wavulana wenye kasoro hawakuonekana kufaidika, na hao ndio huumia zaidi: wakimeza dawa kama primakwini au dapsoni, chembe za damu huvunjika, macho yakawa manjano na mkojo mweusi kama chai ya rangi. Lapdap, dawa ya malaria iliyokuwa na dapsoni, iliondolewa sokoni mwaka 2008 kwa ajili hiyo.

Si dawa tu. Zile tembe nyeupe za naftalini tunazotia sandukuni kati ya leso na mabuibui zaweza kumvunja damu mtoto mchanga mwenye upungufu huu. Nguo zake zisiwekewe kabisa. Karafuu zanukia vizuri zaidi, hata hivyo.

Ikiwa mjomba wa mtoto aliwahi kukojoa mweusi baada ya kumeza dawa, mama amwambie daktari mapema. Kipimo cha G6PD ni cha damu tu.