Gazi ya mbabula: namna mwangaza usioonekana unaifuata ndani ya mwili

Wakati wa baridi ao mvua, familia nyingi zinaingiza mbabula ndani ya nyumba na kufunga dirisha. Makala ikiwaka bila hewa ya kutosha, inatoa gazi inayoitwa monoksidi ya kaboni. Haina harufu, haina rangi. Ikifika ndani ya damu, inashika chuma cha hemoglobini, fasi ileile ya oksijeni, na inashika kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200.

Namna gani wanasayansi wanaona gazi hiyo ikishika na kuachilia?

Wanatumia flashi mbili. Wazo hili lilianza na Norrish na Porter wa Uingereza, waliopata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1967 pamoja na Manfred Eigen wa Ujerumani. Flashi ya kwanza inaanzisha mabadiliko, ya pili inaonesha kilichotokea.

Leo flashi ya pili inaweza kuwa ya infraruji, mwangaza usioonekana kwa macho, kama ule wa telekomande ya televizyo. Atomi zilizoshikana zinatikisika kama resori, na kila kifungo kinameza infraruji ya aina yake. Gazi iliyoshika chuma inameza aina moja. Iliyoachilia inameza nyingine. Kwa hiyo mashini inajua gazi iko wapi. Na inapima kwa pikosegonde: gawanya segonde moja mara milioni, kisha kila kipande mara milioni tena.

Katika miaka ya 1990, Philip Anfinrud na wenzake wa Harvard, Marekani, walifanya hivyo na miyoglobini, ndugu ya hemoglobini inayokaa ndani ya misuli. Flashi ilikata gazi kutoka kwa chuma. Lakini gazi haikukimbia mbali: ndani ya pikosegonde chache ilikuwa imelala ubavu, ndani ya kashimo kadogo karibu na chuma.

Hapo ndipo tunaelewa hatari. Kuachilia chuma si kutoka mwilini. Gazi inaweza kurudi na kushika tena. Oksijeni nyingi ndiyo inachukua nafasi yake. Kwa hewa ya kawaida, nusu ya gazi inahitaji saa nne ao tano kutoka katika damu. Kwa maski ya oksijeni safi, ni kama saa moja na nusu.

Basi, mtu akisikia kichwa kinauma, kizunguzungu ao kutapika karibu na mbabula, mtoeni inje mara moja na kumpeleka hospitali. Na usiku, mbabula ibaki inje.