Kabla familia haijalipia tiba ya unga

Familia ikishakubali kwamba kijana wao anatumia dawa za kulevya, swali la kwanza huwa "tumpeleke wapi?", na la pili "shilingi ngapi?" Ningeomba lingine litangulie: anatumia nini hasa? Pesa nyingi za wazazi zimepotea kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Methadoni, dawa ya kunywa inayotolewa kliniki, humsaidia mtu wa heroini na dawa nyingine za jamii ya afyuni, basi. Haimtibu mlevi, mla mirungi, mvuta bangi wala mtumiaji wa kokeini. Na yule aliyekunywa pombe kali kila siku kwa miaka, au anayemeza Valium kwa wingi, asifungiwe mahali akaachishwa ghafla, maana anaweza kushikwa na kifafa akafa. Huyo aanzie hospitali, alale wodini chini ya daktari, mengine yafuate. Arosto ya unga, yaani mateso ya kukosa heroini, inatesa vibaya sana, mwili unauma, tumbo linaharisha, usingizi hauji, lakini yenyewe ni nadra kuua.

Tuseme ni unga. Hapo familia ina njia mbili kubwa.

Ya kwanza ni kliniki ya methadoni. Tanzania ilianza Muhimbili mwaka 2011, zikafuata Mwananyamala na Temeke, na sasa huduma imefika mikoa mingine, ikiwamo Mbeya, Mwanza, Dodoma na Tanga. Kenya ilianza mwishoni mwa 2014 katika Hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha Malindi na Mombasa. Dawa yenyewe ni bure. Kwa kawaida mgonjwa hupitia kwanza kwenye asasi ya kijamii inayomwandaa, anakuja na ndugu, anapimwa Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na homa ya ini, ndipo anaanzishiwa dozi ndogo inayopandishwa taratibu. Kila siku anafika dirishani, anatambuliwa, mfamasia anapima dawa, anainywa palepale, kisha anakunywa maji na kusema neno moja ili ionekane amemeza.

Kila siku maana yake ni pamoja na Jumapili, sikukuu na siku ya msiba. Hapo ndipo ilipo gharama ya hiyo bure. Chukua mtu anayepanda daladala mbili kwenda na mbili kurudi, kila moja shilingi 600. Ni shilingi 2,400 kwa siku, 72,000 kwa mwezi, na hajala kitu. Kwa mtu asiye na kazi, hiyo nauli ndiyo ada. Wengi wanaokatiza tiba hawakatizi kwa kupenda unga. Wanashindwa kufika, na aliyekosa siku kadhaa mfululizo hawezi kurudishiwa dozi yake ya zamani hivihivi kwa sababu mwili umeshapoteza uzoefu wa dawa. Kwa hiyo familia inayosema "sisi hatuna uwezo wa kumtibu" inaweza kuwa na uwezo kabisa: ilipe nauli. Na ikiwezekana, isimpe mkononi wiki za mwanzo. Ndugu mmoja afuatane naye.

Lipo lalamiko ninalolisikia kila mara, kwamba methadoni ni kubadilisha ulevi mmoja kwa mwingine. Silikubali. Dozi iliyokaa sawa haimleweshi mtu. Inamwondolea arosto kwa saa 24 hivi, akaweza kufanya kazi, kulala na kumeza dawa zake nyingine. Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2005. Anayesinzia ovyo mchana aulizwe kama anachanganya na pombe au vidonge vya usingizi, mchanganyiko ambao unaua. Na anayeanza dawa za kifua kikuu amwambie mfamasia siku hiyohiyo, kwa sababu rifampisini hupunguza nguvu ya methadoni na arosto hurudi hata kama hajakosa dozi.

Njia ya pili ni nyumba ya upataji nafuu, ile inayoitwa soba hausi. Mtu anahamia humo kwa miezi kadhaa, anaamka kwa ratiba, anafanya usafi, anakaa kwenye vikao, anafuata hatua 12 za kuacha ulevi pamoja na wenzake. Wasimamizi wengi walikuwa watumiaji wenyewe, na hilo lina thamani kubwa, kwani wanaujua uongo wa mraibu kabla hajaumaliza. Lakini uzoefu wa kuacha unga si udaktari. Nyumba isiyo na muuguzi wala makubaliano na hospitali ya karibu haitajua la kufanya usiku mtu akitapika hadi kuishiwa maji, au akianza kusikia sauti.

Ada za nyumba hizi zinapishana sana, na mara nyingi bei unayotajiwa kwenye simu si bei yote. Muombe mwenye nyumba akuandikie: kiingilio, ada ya mwezi, chakula, vipimo, dawa akiugua, na nini kinarudishwa akiondoka wiki ya pili. Asiyetaka kuandika usimlipe. Nenda mwenyewe bila miadi. Tazama choo, jiko, mahali wanapolala, na omba kuzungumza na mmoja wao pembeni. Ukiona mnyororo, fimbo, au wagonjwa wa akili wamechanganywa humo bila daktari, ondoka na mtu wako. Kumfunga mtu si tiba, awe anayemfunga ni mganga, mhubiri au meneja wa soba. Mwanamke ana shida zaidi, maana nyumba zinazompokea ni chache mno, na mwenye mtoto mchanga mara nyingi hukosa kabisa.

Muulize pia aliyekuelekeza huko kama analipwa kwa kila kichwa. Biashara hiyo imeumiza hata nchi zenye pesa. Mwaka 2023 jimbo la Arizona, Marekani, lilisimamisha malipo kwa watoa huduma zaidi ya 100 baada ya kubainika kwamba watu, wengi wao Wamarekani wa asili, walikuwa wakikusanywa na kuwekwa kwenye nyumba za namna hii, huku bima ya serikali ikitozwa kwa tiba ambayo hawakupewa.

Jambo linalonisumbua kuliko yote ni siku ya kutoka. Baada ya miezi minne bila unga, mwili umesahau. Kijana akirudi maskani yaleyale na kuvuta au kujidunga kiasi kilekile cha zamani, anaweza kufa siku hiyohiyo. Na wazazi wanakuwa wamemaliza akiba yote kulipia miezi ya ndani, hawana hata ya nauli ya kumpeleka kwenye vikao. Tuseme kweli: mara nyingine tunalipa ili nyumba ipumue, vyombo visiibiwe, mama alale. Ni haki yao kupumua, lakini hiyo si tiba.

Msimamo wangu ni huu. Mtu wa unga anayeweza kufika kliniki aanze na methadoni, na pesa ya familia iende kwenye nauli, chakula na kazi ya kufanya mchana. Soba hausi imfae yule ambaye kliniki iko mbali mno, anayeishi katikati ya wauzaji, au ambaye dawa anayotumia haina methadoni yake. Akienda huko, theluthi ya bajeti isiguswe hadi atoke.

Na kabla ya kulipa chochote Tanzania Bara, piga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, uulize kliniki iliyo karibu na kama nyumba uliyoambiwa inatambulika. Kenya piga 1192 ya NACADA, mamlaka ya huko inayoshughulikia ulevi na dawa za kulevya, uulize kama kituo kina kibali.