Mshipi wa akiba: bei ya rola si hesabu yote

Kwa wenye mashua za kukodisha wageni wavuvi huko Watamu, Malindi na Shimoni, upepo wa kaskazi ndio huleta biashara. Nduaro, sulisuli na jodari huvuliwa kwa kurambaza, yaani mashua hukokota chambo huku ikienda. Samaki mkubwa akinasa huweza kukimbia na mamia ya mita za mshipi kabla nahodha hajageuza mashua. Hapo ndipo mshipi wa akiba, ule unaolala chini kabisa kwenye bobini ya rili, unapoamua kama mgeni atarudi na samaki au na malalamiko.

Sokoni kuna aina tatu. Ya kwanza ni nailoni ya uzi mmoja. Bei yake ni nafuu, nayo hunyumbuka na kupunguza mshtuko. Kasoro zake ni kwamba ni nene, hunywa maji, na ikikunjwa kwa nguvu huibana bobini. Ya pili ni dakroni, iliyosukwa kwa nyuzi za poliesta. Hainyumbuki sana wala haiozi upesi, lakini nayo ni nene. Ya tatu ni mshipi wa kusukwa wa poliethilini, ulioenea katika uvuvi huu tangu miaka ya 1990. Ndio ghali kuliko zote, ila kwa nguvu ileile unene wake ni kama nusu ya nailoni au pungufu. Mshipi wenye nusu ya unene huingia mara 4 zaidi katika nafasi ileile.

Faida ya wembamba huo haiishii kwenye wingi wa mita. Breki ya rili ikifungwa kilo 8 bobini ikiwa imejaa, haibaki kilo 8. Kadiri mshipi unavyotoka, duara linalobaki hupungua na samaki huhitaji nguvu zaidi kulizungusha. Duara likifika nusu, kilo 8 huwa kilo 16. Ukiongeza uzito wa maji yanayokokotwa na mshipi mrefu, mshipi wa kilo 24 unakaribia kukatika, ingawa hakuna aliyegusa breki. Mshipi mwembamba hupunguza duara polepole, hivyo hatari hiyo huchelewa.

Sasa hesabu ya fedha. Tuchukue mfano wa mashua yenye rili 5, kila moja ikibeba mita 600 za nailoni. Mwenyewe akibadilisha zote kila msimu, hutupa mita 3,000. Akiweka akiba ya kudumu na mita 100 tu za nailoni juu yake, hutupa mita 500. Bei ya mita 2,500 anazookoa ndiyo ya kugawanya gharama ya mshipi wa akiba. Jibu ni idadi ya misimu ya kurudisha mtaji. Mshipi wa kusukwa ukitunzwa hudumu misimu kadhaa, kwa kuwa sehemu kubwa yake hukaa kivulini chini ya nailoni.

Hata hivyo, si kila mnunuzi anauhitaji. Anayerambaza karibu na mwamba kutafuta nguru, akiwa na rili kubwa, atatoshelezwa na nailoni tupu. Gharama ya poliethilini huanza kulipa pale rili ni ndogo na samaki anayetafutwa ni mkubwa.

Anayeununua azingatie mambo manne. Kwanza, mshipi wa akiba usiwe dhaifu kuliko wa juu. Ukikatika chini, vyote hupotea. Pili, mshipi wa kusukwa huteleza juu ya chuma, hivyo mizunguko michache ya nailoni itangulie kwenye bobini. Tatu, ukunjwe kwa kukazwa sana, la sivyo mshipi wa juu utazama katikati ya mizunguko na kukwama samaki akivuta. Nne, usishikwe kwa mkono mtupu, maana hukata vidole, wala usiachwe ukwaruze matumbawe.

Muuzaji atataja bei ya rola. Mnunuzi naye amwulize unene, nguvu, na mita ngapi zitaingia kwenye rili yake. Majibu hayo matatu ndiyo yatakayomwonyesha bei halisi.