Kusoma Kibao cha Tundu la Ndege

Leo tunasoma kibao. Katika bustani ya wanyama, tundu la ndege huwa na kibao chake. Juu pana jina la ndege, na chini yake jina la Kilatini. Hilo msihangaike nalo. Ni la wataalamu, ambao katika nchi zote hulitumia hilo hilo moja. Kisha mtasoma kwao ni wapi, na chakula chake. Wengi huishia hapo. Tafuteni mstari mwingine: je, porini wamebaki wengi? Kasuku wa kijivu wa misitu ya Kongo, tangu mwaka 2016, amehesabiwa kuwa katika hatari ya kutoweka.

Huko Marekani, katika bustani ya mji wa Cincinnati, limehifadhiwa banda la zamani la ndege kwa kumkumbuka Martha, njiwa jike. Njiwa wa aina yake walikuwa milioni elfu kadhaa. Watu waliwapiga risasi, wakauza nyama, wakakata misitu walimozalia. Martha alikufa tungani tarehe 1 Septemba, 1914. Hakubaki mwingine.

Haya, kalamu mkononi. Andikeni: ku-to-we-ka.